Ng'ombe wa Mama Nyambura na Kompyuta ya Ubaoni

Nimefundisha kompyuta miaka mingi pale Ruiru, na wanafunzi wangu bora ni wale niliowafundisha bila kompyuta. Msicheke kwanza. Nyinyi mmezaliwa mkakuta vioo vinawaka kila mahali, hata kwa kinyozi. Mkinunuliwa simu mpya mnaanza kuifinya kabla haijamaliza kuamka, ikizubaa kidogo mnaipiga kofi na kutangaza kwamba imekufa. Nimewaona. Wajukuu wangu ni hao hao. Basi tulieni niwaambie vile mtu anaingia kwa mfumo mpya na kuufaidi, kwa sababu hiyo ndiyo kazi iliyonilisha mpaka nikastaafu, na sijawahi kupiga mashine kofi.

Naitwa Zaituni. Kazini nilikuwa Madam Zaituni, na kule Majengo, Thika, nilikozaliwa, bado kuna wazee wenzangu wananiita Madam bila kujua ni kwa nini. Nilianza na mashine za taipu. Aliyenifundisha alikuwa mama mmoja mkali, Bi. Mwanaisha, aliyekuwa akitufunga macho kwa leso ndipo tuchape. Ukikosea hakukuambia umekosea wapi. Alikaza leso. Alisema vidole vina akili yao na macho huviharibia kazi. Nilimchukia kwa muda mrefu, kisha siku moja nikajikuta nachapa barua ya watu huku nikisimulia habari za harusi, na ile chuki ikaisha yenyewe.

Katikati ya miaka ya tisini ukaja mfumo mpya wa kompyuta, ule wa madirisha. Kabla ya hapo kompyuta ilikuwa skrini nyeusi na kijistari kinachopepesa, kikingoja useme unataka nini. Usipojua maneno yake mnaangaliana tu mpaka wakati wa kwenda nyumbani. Huu mpya ulikuwa na picha, na rangi, na mshale unaotembea, na kitufe cha Start kule chini pembeni. Kila ofisi kuanzia Githurai mpaka Thika ikawa inauliza jambo moja: "Unajua ile mpya?" Watu walisema ndiyo kwanza, halafu ndipo wakaja kwetu kujifunza.

Chuo chetu kilikuwa gorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye vyote viwili alikuwa Mzee Gitau, mtu mfupi wa kofia, ambaye kila mtu alimwita Principal, hata wateja wa chini. Ungemsikia mtu akisema, "Principal, nipimie misumari." Alikuwa mtu mwema, na mwoga. Aliuza kompyuta zetu zote za zamani ili anunue moja yenye mfumo mpya. Ilipoletwa aliisindikiza ngazini mwenyewe, akipanda kinyumenyume na mikono mbele, akiwaambia wabebaji, "Polepole, polepole, haki ya Mungu, polepole." Ilipofunguliwa akaipenda. Hapo ndipo shida zetu zilianza, kwa sababu aliipenda kiasi cha kutotaka mtu aiguse.

Aliipa chumba chake, na zulia, na pazia nzito. Mke wake akaifumia kitambaa cheupe cha kuifunika, kikubwa kuliko kile cha televisheni yao ya nyumbani, na juu ya kitambaa ikawekwa blanketi ya mtoto. Halafu ikaja sheria ya viatu. Vumbi ya Ruiru mnaijua: kuna ile nyekundu ya shambani na ile nyeupe ya machimbo ya mawe, na Mzee Gitau alizichukia zote sawa. Ukiingia chumba cha kompyuta unavua viatu mlangoni, unavipanga, ncha zikiangalia nje. Watu wengi walidhani sheria hiyo niliileta mimi, kwa sababu mimi ni Mwislamu. Walisema, "Huyu Madam ametufanyia msikiti." Sikuileta mimi. Niliipinga kwa sauti, mara nyingi, nikiwa miguu mitupu.

Kisha mzee akasikia huko Nairobi kwamba kompyuta zinashikwa na virusi. Tangu siku hiyo mwanafunzi mwenye kikohozi alibaki nje kwenye korido. Nikamweleza kwamba virusi vya kompyuta haviji kwa kukohoa, vinakuja kwa diski. Akafikiria kwa makini, akanishukuru, akapiga marufuku diski pia.

Sasa jiulizeni: mashine ni moja, haiguswi, haipewi diski, na darasa limejaa watu waliolipa karo. Ijumaa tulikuwa tunaingia kuitazama. Mzee mwenyewe anaondoa blanketi, anaondoa kitambaa, anaiwasha, na wanafunzi wanapita mbele yake mmoja mmoja, kimya, mikono nyuma, kama watu wa matanga. Siku zilizobaki nilifundisha kwa ubao.

Nilichora skrini nzima kwa chaki, ubao mpana wa ukutani, kila asubuhi. Kompyuta Yangu kule juu kushoto, pipa la taka hapa, kitufe cha Start kule chini. Kibodi kila mtu alijichorea kwenye kipande cha katoni. Mausi, yaani kile kipanya cha kushika kwa mkono, kilikuwa sabuni. Ile sabuni ndefu ya kufulia, unakata kipande kinachojaa kiganja, unachora mstari kwa msumari kuigawanya kushoto na kulia. Kidole cha shahada kinagonga kushoto, mara mbili, ko ko, kufungua. Cha kati kinagonga kulia kuuliza, "Hapa kuna nini kingine?" Hilo la kulia ndilo nililokazia kuliko yote, na nawaambia hata nyinyi: ukiwa mgeni kwa mfumo wowote, gonga kulia uone una orodha gani ya kukupa. Watu wanakaa na mashine miaka wakitumia upande mmoja tu.

Na mshale? Mshale nilikuwa mimi. Mwanafunzi anasukuma sabuni mezani kwenda kushoto, mimi nasogea kushoto nikiwa nimeinua chaki. Anapandisha, napanda juu ya stuli. Kulikuwa na watundu waliosukuma sabuni kasi makusudi ili wanione nikikimbia, na majina yao ninayo mpaka leo. Mwanafunzi akisema "Control Z", ile ya kurudisha nyuma ulichokosea, nilichukua dasta nikafuta kitu cha mwisho nilichochora. Mmoja aliisema mfululizo mpaka ubao ukabaki mtupu. Nikachukua mkoba wangu nikaenda nyumbani, kwa sababu alikuwa amerudisha nyuma mpaka kabla sijafika.

Sabuni nazo zilikuwa zinakonda. Mwisho wa muhula mausi zilikuwa nyembamba kama biskuti, kwa sababu watu walikwenda nazo nyumbani na nyumbani kuna nguo. Sikumgombeza mtu.

Sasa niwaambie habari za Nyambura, kwa sababu ndiye aliyenifanya niamini kwamba tulikuwa tukifundisha kitu.

Alikuja na mama yake kutoka Gitothua. Wote wawili walikuwa wachuma kahawa kwenye mashamba makubwa ya kule nyuma. Msichana mrefu, kimya, vidole vimechakaa. Mama yake ndiye aliyeongea. Alikaa kwenye kiti changu, mimi nikabaki nimesimama, akasema:

"Mwalimu, huyu msichana ameuziwa ng'ombe ndio apate karo."

Nikasema, "Pole, Mama Nyambura."

"Ndiyo tulikuwa nayo, hiyo moja. Sasa maziwa tunanunua kwa jirani, na huyo jirani ndiye alikuwa ananunua kwetu. Anatupimia akicheka. Kwa hivyo nataka ujue ng'ombe yetu iko hapa. Iko ndani ya hii kombiuta yenu. Ichunge."

Sikumwambia kwamba kompyuta yenyewe ilikuwa chini ya blanketi. Nilisema nitaichunga.

Baada ya hapo alipita kila siku ya soko. Hakupanda ngazi. Alisimama chini kati ya mabati na mabomba, akaniita dirishani mbele ya wateja wote wa Mzee Gitau: "Mwalimu! Ng'ombe inaendelea aje?"

"Inakula, Mama Nyambura!"

"Haya!" Anaondoka. Siku moja tu ndiyo alipanda, akiwa ameona viatu vya binti yake vimepangwa mlangoni. Akanivuta kando. "Sina ubaya na dini ya mtu, Mwalimu, lakini huyu anaimba kwaya." Nikamwonyesha viatu vya Principal, ambaye ni mzee wa kanisa, vikiwa kwenye mstari ule ule. Akatulia, lakini alivitazama kwa shaka mpaka akiteremka.

Nyambura alikuwa mwanafunzi mzuri bila kelele. Hakusukuma sabuni kasi. Alinipeleka pale alipotaka kwa njia fupi, na kwa hilo peke yake nilimpenda. Tena alielewa jambo ambalo wengi halikuwaingia: majina. Katika mfumo wa zamani faili lilipewa herufi nane tu, basi ofisi zilijaa mafaili ya majina ambayo hata aliyeyaandika hakuyatambua wiki iliyofuata. Mfumo mpya ulikuruhusu jina refu. Nilikuwa nawaambia, ipe faili jina ambalo mtu akiingia ofisini siku wewe unaumwa, ataliona na kujua ni nini. Wengine waliendelea kuandika BARUA1 kwa mazoea. Nyambura aliandika kwenye katoni yake: Barua ya kuomba daktari wa mifugo aje Gitothua. Nikamuuliza mifugo gani. Akasema, "Ya baadaye, Madam."

Sasa kuna somo moja ambalo lazima nilieleze vizuri, kwa sababu mambo yote yalikuja kusimama juu yake.

Mnajua mashine ikiwa na kazi nyingi inakuonyesha alama ya kungoja. Siku hizi ni kiduara kinachozunguka. Wakati ule ilikuwa saa ya mchanga, na wanafunzi wangu, ambao hawakuwahi kuona saa ya mchanga, waliiita kibuyu. Mimi kibuyu nilikipenda sana. Kukimbia ubaoni kutwa si mchezo, magoti yalikuwa yanawaka moto. Basi mtu akigonga mara mbili kufungua programu, nilikuwa nachora kibuyu pale mshale ulipokuwa, nakaa chini, nafungua chupa yangu, nakunywa chai.

Wanafunzi wakianza kugonga sabuni kwa haraka, ko ko ko ko, nasema bila kugeuka, "Umeikwamisha. Anza upya." Hakuna kugonga, hakuna kufinya katoni, mikono mapajani. Kama chai ni moto, kibuyu kinakaa. Nikimaliza, nafuta kibuyu, nachora programu, tunaendelea.

Hiyo ndiyo asili yake. Sikuwa na falsafa yoyote, nilikuwa nimechoka. Lakini nikiulizwa nilisema kwa uso mkavu kwamba mashine mpya inafikiri, na anayefikiri haguswi-guswi. Na kumbe ndivyo ilivyo. Kila ukigonga tena wakati imeshikwa, umeiongezea kazi nyingine kwenye foleni, na kumbukumbu yenyewe wakati ule ilikuwa finyu.

Siku moja Mzee Gitau akaja na habari. Kiwanda kimoja cha nguo kule Thika kilikuwa kinatafuta karani wa ofisi anayejua mfumo mpya. Nafasi moja. Nikapeleka jina la Nyambura. Alinishika mkono kwa mikono miwili. Jioni yake nikafikiria vizuri, nikaogopa. Huyu msichana hakuwahi kushika mausi ya kweli. Akishindwa, anarudi kwenye mibuni na kikapu, na mama yake anaendelea kupimiwa maziwa akichekwa, na ng'ombe imeliwa na sabuni. Na aliyepewa aichunge ni mimi.

Asubuhi nikamfuata mzee.

"Principal, Nyambura ana intavyu Thika na hajawahi kugusa kompyuta."

"Si ameiona?"

"Hata mimi nimeona ndege zikipita. Siwezi kurusha."

"Na akiharibu?"

"Kama inaharibika kwa kuguswa, basi uliuziwa yai."

Alivua kofia, akaivaa tena. Tulizozana mpaka wateja wa chini wakaacha kununua ili wasikie. Mwisho akakubali, kidogo tu, yeye akiwepo. Nyambura akavua viatu. Mzee akakunja blanketi. Akakunja kitambaa. Akaiwasha, na kabla picha haijatokea, stima ikapotea Ruiru nzima.

"Umeona?" akaniambia, kana kwamba nimeifanya mimi.

Tulingoja. Stima haikurudi. Nyambura alikuwa ameketi mbele ya kioo cheusi, ameshika mausi kwa heshima, anaigeuzageuza.

"Madam," akasema, "hii iko na mkia."

Hayo ndiyo mazoezi yote aliyopata.

Siku ya intavyu tulikwenda watatu. Mama Nyambura alikuwa amevaa kilemba cha kanisa. Askari wa geti la kiwanda alikubali kuingiza msichana na mwalimu wake, lakini mama akamkatalia. "Mimi ninangoja hapa," akasema Mama Nyambura, akasimama katikati ya njia ya malori.

Kiwanda cha nguo kina vumbi yake, nyuzi nyeupe laini, inaelea hata ofisini. Ilikuwa juu ya meza, juu ya mafaili, na nyuma ya kompyuta ilikuwa imejijenga kama sufu. Mimi nilipewa benchi kwenye korido na mlango ukaachwa wazi, basi niliona kila kitu.

Meneja alikuwa mtu mzima mwenye tai, ameshakasirika kabla hatujafika. Mashine yake ilikuwa na mfumo mpya, na ilikuwa nzito ajabu. Kazi aliyotoa ilikuwa rahisi: fungua programu ya kuandika, andika barua fupi, ipe jina, funga kila kitu. Wa kwanza alikuwa kijana wa Nairobi mwenye vyeti kwenye mfuko wa plastiki. Aligonga. Kibuyu kikatokea. Akagonga tena. Akagonga Start, akagonga pipa la taka, akafinya kibodi yote. Kioo kikaganda. Meneja akaizima ukutani. Ikachukua muda mrefu kuamka, ikilalamika. Wa pili, mwanamke wa viatu virefu, akafanya yale yale kwa ufundi zaidi. Ikazimwa tena ukutani.

"Hii takataka ninairudisha dukani," meneja akasema. "Afadhali ile nyeusi. Ni nani mwingine?"

Nyambura akasimama. Akafika mlangoni, akainama, akavua viatu. Akavipanga, ncha zikiangalia nje. Yule wa viatu virefu akacheka kwa pua. Mimi nilitamani sakafu inimeze. Miaka yote nimeipinga ile sheria, na sikuwahi kukumbuka kumwambia msichana kwamba ni ya Ruiru peke yake.

Akaketi. Akashika mausi, akasogeza mshale polepole, njia fupi. Akainua kidole juu, akagonga kama anavyogonga sabuni, ko ko. Kibuyu kikatokea. Nyambura akaachilia mausi, akaweka mikono mapajani, akatulia.

Muda ukapita. Meneja akaangalia kioo, akamwangalia Nyambura.

"Mbona hufanyi kitu?"

"Iko na kibuyu, sir."

"Sasa?"

"Saa hii ndio Madam hukunywa chai."

Meneja akageuka akaniangalia pale kwenye benchi. Mimi nikaangalia ukuta. Ulikuwa ukuta wa kawaida.

Mashine ilikuwa inasaga ndani kwa ndani, krr, krr, halafu ikanyamaza, na programu ikafunguka yote, nyeupe, safi. Nyambura akaanza kuchapa. Vidole vya kuchuma kahawa, macho kwenye kioo, hakuangalia chini hata kidogo, nilimkumbuka Bi. Mwanaisha na leso yake. Alikosea neno, akafinya Control Z, likafutika. Akahifadhi. Akafunga kila dirisha, akaiaga mashine pole pole kupitia Start, akangoja mpaka iseme yenyewe kwamba sasa ni salama kuizima. "Ukiizima kwa ukuta, sir," akamwambia, "ndio maana asubuhi inalalamika."

Lakini meneja alikuwa ameona jina la faili wakati alipolihifadhi. Akalitaja kwa sauti kutoka kichwani: "Barua ya Nyambura ya kwanza kwa kompyuta ya kweli. Ya kweli? Kwani ile nyingine ilikuwa ya nini?"

Wui. Nilifumba macho.

"Ya ubao, sir," Nyambura akasema. Hakujua kudanganya, na mimi sikumfundisha. Akamweleza yote: chaki, katoni, sabuni yenye mstari, sheria ya viatu, na kitambaa cha kuikinga kompyuta na vumbi. Meneja alisikiliza bila kucheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Akaandika kitu. Akasema, "Sawa. Nenda. Tutakuandikia."

Nyinyi hamjui maneno hayo yalikuwa na uzito gani siku zile. Tutakuandikia maana yake ni kwaheri. Nyambura alitoka, akanipita, akaenda moja kwa moja kwenye uwanja wa kiwanda, machozi yanateremka bila sauti. Nikamfuata. Nilikuwa na hasira: na Mzee Gitau na blanketi yake, na stima, na yule mwenye tai, na mimi mwenyewe niliyeahidi kuchunga ng'ombe wa watu kwa chaki. Tulikuwa tunakaribia geti, tayari nakiona kilemba cha mama yake, nilipoangalia chini nikaona miguu yake.

"Nyambura. Viatu."

Akajiangalia. Alikuwa ametembea kwenye kokoto zote hizo bila kujua. "Wacha tu vibaki, Madam."

"Havibaki. Kupoteza ng'ombe kumetosha."

Tukarudi. Ofisi ilikuwa kimya. Wale wengine wawili walikuwa wameondoka. Pale mlangoni viatu vya Nyambura vilikuwa vimekaa kama alivyoviacha, na kando yake kulikuwa na jozi nyingine, nyeusi, kubwa, za mwanamume, ncha zikiangalia nje.

Meneja alikuwa ameketi mbele ya kompyuta, bila viatu, na soksi zake. Moja ilikuwa na tundu la kidole. Kwa mkono mmoja alikuwa na kikombe cha chai na mwingine ulikuwa pajani. Kiooni kulikuwa na kibuyu. Sakafuni alikuwa amekusanya donge la nyuzi nyeupe, alilolitoa nyuma ya mashine, kubwa kiasi cha kujaza mto.

Alituona, akaweka kidole mdomoni, kama mtu anayewaambia wageni kwamba mtoto amelala. Tukasimama. Krr, krr. Kimya. Programu ikafunguka. Akashusha pumzi ndefu.

"Mwezi mzima," akasema, hakuwa anatuambia sisi. "Mwezi mzima ninagombana nayo." Kisha akamgeukia Nyambura. "Wewe. Kuja Jumatatu asubuhi. Na uniulizie huko kwenu wanafuma wapi hicho kitambaa cha kufunika."

Mzee Gitau alikuwa sahihi kuhusu vumbi. Ameshatangulia mbele ya haki, na hilo sikuwahi kumwambia.

Tukarudi getini. Nyambura alikuwa amevaa viatu vyake, anatembea wima, uso bado umelowa. Mama yake alituona tunakuja, akaona yale machozi, akajikaza. Hakuuliza kuhusu kazi. Hakuuliza kuhusu intavyu. Alishika ncha za kilemba chake, akauliza lile analouliza siku zote, lakini safari hii kwa sauti ndogo, na hakuniuliza mimi, alimwuliza binti yake.

"Ng'ombe inaendelea aje?"

Nyambura akasema, "Imezaa, mami."

Yule mama akatupa kichwa nyuma akapiga ngemi, vile vigelegele ambavyo wanawake wa Kikuyu hupiga mtoto akizaliwa, pale pale katikati ya njia, lori likapiga breki. Mimi nililia wazi wazi, sikuficha. Askari wa geti akatoka mbio kibandani akauliza ni nani amejifungua. Nikamwambia ni ng'ombe. Akaiangalia barabara upande huu na upande ule, akimtafuta.